Bibi, Moyo na Mkono Mrefu

Mtu wa Kindu akimwandikia rafiki yake wa Dar es Salaam, «Bibi yangu amejifungua mtoto wa kiume», rafiki yule atashangaa sana. Kwake yeye bibi ni mama mzaa baba au mama mzaa mama, mzee mwenye mvi, naye atajiuliza ni muujiza gani uliotukia huko ukingoni mwa Lualaba. Wala mwandishi wa barua hakukosea. Kwetu Kongo bibi ndiye mke wa mtu. Hata huko pwani watu wa zamani waliweza kumwita hivyo mke au mwanamke wa heshima. Neno ni lile lile, ila kila upande umeshika maana yake.

Wasomaji, msidhani kwamba jambo hili ni la Kiswahili peke yake. Wasemao Kihispania ni mamia ya mamilioni, nao hawaelewani sikuzote. Mtu wa Cuba akisema anangoja «guagua» anangoja basi. Mtu wa Chile akisikia hivyo hufikiri habari ya mtoto mchanga. Lugha ikitembea mbali hubadilika njiani.

Na Kiswahili kimetembea kweli. Katika karne ya 19 kilipanda kutoka pwani pamoja na misafara ya biashara, ambayo twajua wote kwamba ilileta pia huzuni nyingi ya utumwa. Kikatua Nyangwe na Kasongo, kusini ya Kindu yetu, katika siku za Tippu Tip. Watu wa misafara walijiita waungwana, na kwa hiyo lugha yao huku ikaitwa Kingwana. Ikakaa pamoja na lugha za wenyeji, ikala chakula chao, ikachukua maneno yao. Baadaye, mwaka 1928, wajumbe walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikaanza kamati ya kukisimamia kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kongo, iliyotawaliwa na Wabelgiji, haikuwamo. Sisi tuliendelea kusema tulivyozoea, na maneno mapya tukayapata kwa Wafaransa na Wabelgiji, wenzetu wakiyapata kwa Waingereza.

Ndiyo sababu majani ya muhogo tunayoyaita sombe, Mtanzania huyaita kisamvu, na lengalenga yetu kwake ni mchicha. Mtoto wetu huenda «ku masomo». Mwenzake wa Bara huenda shule, neno lililotoka kwa Wadachi. Wa Unguja huenda skuli, neno la Waingereza. Tena litazameni neno posho. Kwa Mtanzania ni fedha ya matumizi apewayo mfanyakazi juu ya mshahara. Kwa Mganda ni ugali sufuriani. Ukishuka mto mpaka kwa wasemao Kilingala, mposo ni juma zima, kwa kuwa wafanyakazi walikuwa wakigawiwa chakula chao mara moja kila juma. Sisi twalipenda neno hili kupita mengine: limebeba habari ya kazi na njaa za watu wa zamani.

Maneno peke yake, hata hivyo, si shida kubwa. Mtu huuliza akajibiwa. Misemo ndiyo yenye hatari, kwa sababu asiyejua hadhani kwamba hajui. Kifaransa husema juu ya mtu mwenye nguvu serikalini, «il a le bras long». Mwanafunzi afasiri neno kwa neno: «Ana mkono mrefu.» Loo! Kwa Kiswahili amekwisha kumwita mkubwa yule mwizi. Kumwambia mtu njoo saa fulani kisha wewe usitokee, Wafaransa huita kumwekea mtu sungura. Sungura wetu wa hadithi, mjanja wa wajanja, angecheka kusikia hivyo. Mtu mkarimu kwao ana moyo juu ya mkono. Kwetu ana mkono wazi, na hapa misemo miwili yakaribia kupeana salamu. Machozi ya mamba hayahitaji mfasiri: mamba tunawajua.

Lakini mahali pengine hakuna kicheko. Mfikirini mama aliyefiwa, amefika hospitali hana usingizi wala hamu ya chakula. Amwambia mkalimani, «Moyo unaniuma.» Mkalimani amgeukia daktari asiyejua ila Kifaransa: «Elle a mal au cœur.» Kila neno limefasiriwa, na habari yote imepotea. Maana kwa Kifaransa maneno hayo ni kichefuchefu, yaani kutaka kutapika. Daktari ataandika dawa ya tumbo, na mama atarudi nyumbani na huzuni yake. Na kama ni moyo wenyewe uliougua kifuani, kosa hilo laweza kumwua. Mkalimani mwema angaliuliza kwanza: «Mama, wauma wapi? Weka mkono hapo. Wauma tangu lini?» Kisha angalimweleza daktari jambo lenyewe kwa maneno ya wazi. Kuacha msemo si aibu. Tena twaona ni afadhali mfasiri avumilie kudharauliwa kwa Kifaransa chake chepesi kuliko kusifiwa kwa ufasaha na mgonjwa akaangamia.

Tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, ninyi wanafunzi mnakutana na Kiswahili cha wenzenu zaidi kuliko baba zenu. Wako wanaowacheka watu wa Kindu kwa «bibi» yao, na wako Wakongo wanaoona haya. Sisi hatuoni sababu. Jifunzeni cha vitabuni, mkitumie katika barua. Nyumbani mama aendelee kupika sombe.

Na kwa wapenda kufasiri, huu hapa msemo mmoja uliotupendeza. Mfaransa akishindwa na kitendawili husema kwamba ampa paka ulimi wake. Mwanafunzi asihangaike na paka. Pwani, anayeshindwa huambiwa, «Nipe mji», naye humpa mwenziwe mji mmoja, Tanga au Mombasa, ndipo afumbuliwe. Basi kumpa paka ulimi ni kutoa mji, na mtoto wa kwetu akishindwa, amjibu tu mwenziwe, «Haya, nenda Kindu.»