Kununua tena filme ya zamani ya kusisimua katika 4K: feza inastahili ao hapana?

Filme ni ileile, lakini inauzishwa mara ya tatu ao ya ine. Mutu mwenye alinunua Psycho ya Alfred Hitchcock kwenye kaseti ya VHS, akainunua tena kwenye DVD, kisha kwenye Blu-ray, leo anaambiwa kwamba bado hajaiona vizuri: inafaa anunue diski ya 4K. Kwa wapenda sinema wa Marekani na wa Ulaya, pamoja na Wakongo wenye wanaishi kule, ulizo ni moja tu: ile feza inaleta kitu kipya, ao ni ganda tu njo limebadilika?

Jibu linategemea filme yenyewe. Kuko filme za zamani zenye zimeonekana vizuri kwa mara ya kwanza tangu zitoke mu sinema. Kuko pia zingine zenye diski mupya imeziharibu, hata kama bei yake iko juu kuliko ile ya zamani.

Hesabu peke yake haitoshi

DVD ya Marekani inabeba picha ya pikseli 720 kwa 480. Blu-ray, yenye ilianza kuuzishwa mwaka wa 2006, inabeba 1920 kwa 1080. Diski za 4K Ultra HD, zenye zilifika mwaka wa 2016, zinabeba 3840 kwa 2160, ni kusema mara ine ya Blu-ray. Tena mingi kati yazo ziko na HDR, njia yenye kupanua tofauti kati ya giza na mwangaza. Kwa filme za kusisimua, hiyo ya pili njo inasaidia zaidi, sababu mambo yake mingi yanapita gizani: kwenye ngazi, chini ya nyumba, barabarani usiku.

Wengi wanashangaa namna gani filme ya mwaka wa 1954 inaweza kuwa na picha safi kuliko filme ya juzi. Sababu ni hii: zamani walipiga picha kwenye mukanda wa milimetre 35, na ule mukanda wa kwanza, negativu, unachunga mambo madogo-madogo yenye DVD haiwezi kuonyesha. Lakini filme mingi za mwanzo wa miaka ya 2000 zilimalizika ndani ya ordinatere kwa kipimo cha 2K tu. Ili zifike 4K, picha yake inapanuliwa na mashine. Kwa hiyo, jambo la kwanza la kutafuta si namba yenye kuandikwa kwenye ganda, lakini ni kujua kama wafanyakazi walirudia negativu ya kwanza.

Wakati kazi imefanywa vizuri

Mufano muzuri ni Vertigo, filme ya Hitchcock yenye ilitoka mwaka wa 1958. Ilipigwa kwa njia ya VistaVision: mukanda unapita kamera kwa upana, na kila picha inachukua nafasi karibu mara mbili ya kawaida. Lakini kufikia miaka ya 1990, rangi za negativu zilikuwa zimefifia. Robert A. Harris na James C. Katz waliitengeneza upya, kazi yenye ilikula zaidi ya dola milioni moja, na mwaka wa 1996 ikarudi mu sinema kwenye mukanda mukubwa wa milimetre 70. Mwaka wa 2012, katika kura ya gazeti la Uingereza Sight and Sound, Vertigo iliondoa Citizen Kane kwenye nafasi ya kwanza ya filme bora za wakati wote.

Hata hapo, mabishano hayakukosa. Kwa ile kazi ya 1996, sauti za hatua, za milango na za risasi zilirekodiwa upya. Wapenda filme wamoja walisema kwamba hizo haziko zile zenye watu walisikia mwaka wa 1958. Njo maana mununuzi mwenye akili anaangalia pia kama diski inabeba sauti ya kwanza, ile ya mono, pembeni ya sauti mupya.

Mwaka wa 2020, kampuni ya Universal ilitoa Vertigo katika 4K ndani ya sanduku moja na Rear Window, Psycho na The Birds. Kwa Psycho, diski iliongeza toleo lenye sekunde chache zenye zilikuwa zimekatwa zamani. Ni sekunde tu, lakini ziko katika sehemu zenye kutisha, na kwa muda murefu watazamaji wa Marekani hawakuziona.

Touch of Evil ya Orson Welles, ya mwaka wa 1958 pia, inatoa sababu ingine ya kununua. Studio ilibadilisha mupangilio wa filme bila yeye, naye akaandika barua ya kurasa 58 kufasiria namna alitaka iwe. Welles alikufa mwaka wa 1985. Ni katika mwaka wa 1998 tu njo Walter Murch aliipanga tena kwa kufuata ile barua. Diski za 4K zenye Kino Lorber ilitoa mwaka wa 2022 zinabeba matoleo yote matatu. Hapo mununuzi halipie pikseli tu. Analipia nafasi ya kulinganisha mwenyewe yale yenye Welles aliomba na yale yenye studio ilifanya.

Wakati diski mupya inaharibu

Upande ule mwingine kuko The French Connection, filme ya mwaka wa 1971 yenye ilipata Oscar tano, moja kati yazo ya Gene Hackman. Ilipigwa katika barabara za New York wakati wa baridi, na picha yake ya kukwaruza inafanana na picha za habari. Wakati Blu-ray yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 2009, wengi hawakuitambua. Muongozaji wake, William Friedkin, alikuwa amebadilisha rangi: zilikuwa zimefifia na kumwagika nje ya mistari yake. Owen Roizman, mwenye alisimamia kamera, alisema mbele ya watu wote kwamba hakuulizwa na kwamba kazi ile ilimuchukiza. Mwaka wa 2012, Blu-ray ingine ilitoka na rangi za kawaida.

Jambo hilo linavunja wazo lenye wanunuzi wengi wanalo: kwamba maneno “imekubaliwa na muongozaji” yanatosha. Muongozaji mwenyewe anaweza kurudia kazi yake kisha miaka makumi tatu na nane na kuitengeneza kuwa filme ingine.

Siku hizi, hatari mupya inatoka kwa akili bandia. Mwaka wa 2024, diski ya 4K ya True Lies, filme ya kijasusi ya James Cameron ya mwaka wa 1994, ilitoka kisha picha yake kupitishwa kwa programu zenye kuondoa chembe na kuongeza ukali. Wapenda filme walilalamika: nyuso za watu zimekuwa laini kama nta, na mistari mingine imekuwa mikali kupita kiasi. Chembe zenye tunaona katika filme za zamani haziko uchafu. Njo mwili wa picha yenyewe. Wakati mashine inazifuta, inafuta pia mikunjo ya ngozi, nywele na nyuzi za nguo.

Diski inachunga kitu chenye intaneti inaweza kuondoa

Kuko sababu moja yenye haihusu uzuri wa picha. Mwaka wa 2023, watazamaji waligundua kwamba toleo la The French Connection lenye lilikuwa linaonyeshwa kwenye intaneti nchini Marekani limekatwa: mazungumuzo mafupi, yenye neno la kutukana watu weusi, yaliondolewa bila watu kuambiwa. Lile neno ni baya, na filme inalitumia kuonyesha namna ule polisi iko. Mwenye kulipia intaneti kila mwezi hakuwa na njia ya kuchagua. Mwenye diski ya zamani alibaki na filme kamili.

Na kwa mwenye iko Goma, Bukavu ao Bunia?

Mbele ya kuagiza diski kwa ndugu mwenye iko Ulaya ao Marekani, kuko mambo ya kuchunguza. DVD ziko na namba za eneo: Kongo iko katika eneo la 5, Marekani katika la 1, Ulaya Magaribi katika la 2. DVD ya kule inaweza kukataa kusomwa na mashine ya hapa. Kwa Blu-ray, Afrika na Ulaya ziko pamoja katika eneo B, lakini Marekani iko katika eneo A. Diski za 4K zenyewe hazina kizuizi cha eneo.

Lakini 4K inaomba vitu vitatu kwa mara moja: diski, mashine ya kuisoma na televizyo ya 4K. Mashine ya Blu-ray ya kawaida haiwezi kuisoma. Kwenye televizyo ndogo, ukiikaa mbali, tofauti na Blu-ray nzuri itakuwa kidogo sana, na kwenye telefone haitaonekana hata kidogo. Tena, mara mingi picha yenye kutengenezwa upya inatoka pia kwenye Blu-ray kwa bei ndogo. Mutu mwenye bado anaangalia DVD atapata faida kubwa kwa kuruka mpaka kwa Blu-ray; mwenye tayari iko na Blu-ray nzuri ya filme ileile, heri angoje bei ishuke.

Kwa hiyo, mbele ya kutoa feza, mununuzi ajiulize: walirudia negativu, ao walipanua picha ya zamani? Ni nani alichagua rangi, na wale wenye walipiga filme walisema nini? Sauti ya kwanza iko ndani? Kuko toleo lenye haliko kwa diski yenye niko nayo? Kwa Vertigo, Psycho na Touch of Evil, majibu yanaunga mukono ununuzi. Kwa True Lies, mwenye kuwa na DVD yake ya zamani asiitupe.