Makala Tangulizi: Mbivu na Mbichi

Wapo wanafunzi wanaoamini kwamba makala ikishaonekana kwenye intaneti, ikawa na jina la daktari fulani na tanbihi za kutosha, basi imeiva. Wapo na wahadhiri wa kinyume chao: isiyotoka jaridani, kwao ni takataka. Wote hao wanapima tunda kwa ganda.

Makala tangulizi ni mswada ambao mwandishi anauweka hadharani kabla jarida halijawapa wajuzi wa fani waupitie. Mtindo huu ulishika kasi Agosti 1991, pale Paul Ginsparg alipoanzisha huko Los Alamos, Marekani, hazina ya miswada ya fizikia iitwayo arXiv. Wasimamizi wake hutazama kama mswada ni wa kitaaluma na umekaa mahali pake. Hawathibitishi kwamba yaliyomo ni kweli.

Je, tusizisome? Hebu tumtazame Mrusi Grigori Perelman. Kati ya Novemba 2002 na Julai 2003 aliweka humo miswada mitatu iliyofumbua fumbo la Poincaré, lililowashinda wanahisabati tangu 1904. Jaridani hakuipeleka, ng'o! Ila wenzake waliichambua kwa miaka, na mwaka 2006 akatunukiwa medali ya Fields, akaikataa. Kilichoivisha miswada ile ni kusomwa, wala si mhuri.

Sasa tuje kwetu kwenye uhakiki, ambako aibu ni kubwa zaidi. Mwaka 1996 jarida la Social Text lilichapa makala ya mwanafizikia Alan Sokal, iliyojaa upuuzi wa makusudi uliopambwa kwa istilahi za nadharia na majina ya wakubwa. Wahariri hawakumpa mwanafizikia yeyote aisome. Kumbe jamaa alikuwa anawapima! Akajitangaza mwenyewe kwenye gazeti la Lingua Franca. Na hiyo haikuwa tangulizi ati. Ilichapwa, ikapewa namba za kurasa kama makala nyingine yoyote.

Kwa hiyo mhakiki aulize kwanza: imesomwa na nani anayeijua fani? Ikiwa ni tangulizi, ni toleo la ngapi? Maana arXiv huhifadhi matoleo yote, na hoja uliyoipenda katika la kwanza huenda mwenyewe ameshaifuta katika la tatu. Andika toleo na tarehe. Tafuta kama imeshatoka jaridani, ulinganishe. Zile makala zetu za semina zilizodurufiwa, tunazozinukuu miaka nenda miaka rudi, hata namba ya toleo hazina.