Umande Ndani ya Nyumba ya Maua

Waridi likatwapo shambani Naivasha, nchini Kenya, huweza kuonekana safi kabisa, lisilo na doa. Siku chache baadaye, sanduku lifunguliwapo sokoni Uholanzi, petali zake zimeoza na kufunikwa na manyoya ya kijivu. Mkulima amekwisha kulipia vibarua, maji, mbolea na ndege. Yote hayo hutupwa pamoja na ua. Adui huyo ni kuvu aitwaye *Botrytis cinerea*. Mara nyingi hakulivamia ua sandukuni. Aliliingia usiku, lilipokuwa lingali kwenye mti, naye alisaidiwa na maji. Makala haya yaeleza maji hayo hutoka wapi, na kwa nini kinga ya kwanza ya ugonjwa huu ni hewa.

Kuvu na maji

Spora za kuvu huyu ni ndogo mno, nazo huchukuliwa na upepo hadi kila pembe ya shamba. Kuzizuia zisiingie ni vigumu. Lakini spora iliyotua juu ya petali kavu haioti. Huhitaji utando wa maji, au hewa iliyokaribia kushiba mvuke, kwa muda wa saa kadhaa. Ikisha kuota huipenya petali na kukaa humo bila kuonekana. Baridi ya ghalani na ya safarini humpunguzia kuvu kasi tu, kwani aweza kukua hata katika joto linalokaribia nyuzi 0 za Sentigredi. Hivyo basi, mkulima hana budi kuhakikisha kwamba ua halilowi.

Kwa nini ua hulowa bila mvua

Hewa yenye joto huweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 25 hushiba ikiwa na gramu 23 hivi za mvuke. Kwenye nyuzi 16 hushiba kwa gramu 13.6; na kwenye nyuzi 10 kwa gramu 9.4 tu. Unyevu wa hewa utajwao kwa asilimia ni ulinganisho wa mvuke uliomo na ule ambao ungeishibisha hewa hiyo.

Ziwa Naivasha liko mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana huwa na joto na usiku huwa na baridi. Tuseme jioni hewa iliyomo katika nyumba ya plastiki ina nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60, yaani gramu 13.8 za mvuke. Hewa hiyo haina dalili ya hatari. Lakini nyumba ikifungwa na joto likashuka, hewa itashiba ifikapo nyuzi 16 hivi. Ifikapo nyuzi 10, gramu 4.4 katika kila mita ya ujazo hazina tena mahali pa kukaa. Nyumba ya hekta moja yenye kimo cha mita 5 ina mita za ujazo 50,000 za hewa. Kwa hiyo lita 220 hivi za maji zitageuka umande juu ya plastiki, majani na petali. Hapo hatujahesabu mvuke ambao mimea yenyewe huendelea kuutoa.

Kufungua, kupasha na kusukuma

Njia ya kwanza ni kufungua madirisha ya paa kabla jua halijatua, ili hewa yenye mvuke ipande na kutoka.

Njia ya pili huwashangaza wengi: hata hewa ya nje iliyoshiba mvuke yaweza kuikausha nyumba. Hewa ya nyuzi 10 ikiingizwa ndani na kupashwa hadi nyuzi 16, mvuke wake ungali gramu 9.4, bali sasa yaweza kubeba gramu 13.6. Unyevu wake umeshuka kutoka asilimia 100 hadi 69 hivi. Kupasha bila kubadilisha hewa hakutoshi, maana mvuke unaotolewa na mimea hubaki ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shamba la Oserian, huko Naivasha, lilianza kutumia joto la kisima cha mvuke wa ardhini cha Olkaria. Maji ya moto yalizungushwa kwa mabomba ndani ya nyumba za waridi ili kupunguza unyevu.

Njia ya tatu ni feni. Juu ya kila petali pana tabaka jembamba la hewa iliyotulia, ambamo mvuke hukusanyika. Feni hulivunja tabaka hilo, ingawa peke yake haiutoi mvuke nje ya nyumba. Kadhalika, yafaa kumwagilia asubuhi, kupanda kwa nafasi, na kuokota petali zilizokufa, kwani humo kuvu huzaliana.

Jaribio la darasani

Chukua kopo la bati linalong'aa, lijaze maji nusu, na utie themometa. Ongeza vipande vidogo vya barafu kimoja kimoja huku ukikoroga. Soma themometa mara tu uso wa nje wa kopo ufifiapo kwa umande: hicho ndicho kiwango cha umande cha hewa ya darasa lenu. Kisha wanafunzi walinganishe kiwango hicho na joto la chini kabisa la usiku uliotangulia. Ikiwa usiku ulikuwa na baridi zaidi ya kiwango hicho, basi waridi lililofungiwa katika hewa kama hiyo lingaliamka limelowa.