Ini, Damu ya Australia na Mahindi ya Baba

Macho ya mzee mmoja jirani yetu yalipogeuka manjano kama kiini cha yai, mtaani kulisemwa mengi. Wengine walidai amerogwa, wengine ati ni pombe. Nami, kwa ujuaji wangu, nikasema ni homa ya manjano. Mwalimu wetu wa bayolojia alinicheka kidogo. Homa ya manjano huletwa na mbu, lakini macho kugeuka rangi ni dalili kwamba ini limelemewa, na mara nyingi kinacholilemea ni virusi vya homa ya ini. Virusi hivyo ni vya aina 5, kuanzia A hadi E. Hapa nazungumzia B, vinavyoambukizwa kwa damu, kwa ngono, na na mama kwa mtoto wakati wa kuzaliwa.

Aliyevigundua wala hakuwa akivitafuta! Daktari Baruch Blumberg wa Marekani alikuwa akikusanya damu za watu wa mataifa mbalimbali, akitaka kujua kwa nini ugonjwa humpata huyu ukamwacha yule. Mwaka wa 1963, yeye na mwenzake Harvey Alter waliona kitu kigeni katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Wakakiita kwa jina la nchi hiyo. Kwanza walidhani kinahusiana na saratani ya damu. Kisha mwaka wa 1967 mfanyakazi wa maabara yao akajihisi mgonjwa, akapima damu yake mwenyewe, na kumbe kitu kile kimo! Alikuwa na homa ya ini. Hivyo ndivyo fumbo lilivyofumbuka: kile kitu kilikuwa sehemu ya ganda la virusi. Kutokana na kazi hiyo damu ya kuongezewa wagonjwa ikaanza kupimwa, chanjo ikapatikana, na Blumberg akatuzwa Nobel mwaka wa 1976.

Kenya ilianza kuwachanja watoto wote wachanga mwaka wa 2001. Nilipofungua kijitabu changu cha kliniki nikaona alama 3 za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kaka yangu alizaliwa 1998. Chake hakina kitu.

Sasa mtauliza, mahindi yanaingiaje? Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipokosa usingizi. Watafiti wawili, Peers na Linsell, waliwahi kuchunguza chakula cha watu wa Murang'a, kile kilichokuwa tayari kuliwa, wakipima sumu iitwayo aflatoksini. Watanzania huiita sumukuvu, jina zuri kuliko letu, maana hutokana na kuvu inayoota kwenye nafaka isiyokauka. Matokeo yalitolewa mwaka wa 1973. Kule chini kwenye joto, sumu ilikuwa nyingi kuliko juu milimani, na saratani ya ini vilevile.

Ndipo ukaja mwaka wa 2004. Katika sehemu za Makueni na Kitui watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Waliochunguza mkasa huo waliona mambo mawili. Wagonjwa wengi walikuwa wameweka mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani. Tena, mwenye virusi vya B alikuwa katika hatari zaidi. Yaani virusi na kuvu hukutana katika ini moja, kila kimoja kikimsaidia mwenzake.

Nanyi mnajua Eldoret yetu wakati wa mavuno. Mvua ikikataa kukatika, baba huyaanika mahindi sebuleni, na magunia mengine hulala chumbani kwa kaka, chini sakafuni, bila hata ubao. Yaliyobadilika rangi hayatupwi, huuziwa wapika busaa. Nilipomweleza baba alisema babu yake alikula hayohayo akaishi miaka mingi. Sikuwa na jibu la haraka, na si adabu kubishana na mzazi. Lakini wiki iliyofuata aliyapanga magunia juu ya mbao, kimya kimya. Ya busaa bado tunavutana, kwa sababu zile ni pesa za karo yangu.

Kaka naye amekubali kwenda kupimwa damu akipata siku ya mapumziko kazini. Akionekana hana virusi, atachanjwa mara 3, kama mimi nilivyochanjwa nikiwa mchanga.