Eliya Chini ya Mretemu

Somo: 1 Wafalme 19:1-8

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona: mtu kuchoka na maisha hata akataka kujiua. Tena tujiulize: wakati wa tauni, hatari hiyo huwa kubwa lini?

Mtazame Eliya. Wakati wa ukame alilishwa na kunguru, kisha na mjane wa Sarepta, wala hakuomba kufa. Juu ya Karmeli aliwakabili manabii 450 wa Baali bila hofu. Kisha mvua ikanyesha. Ndipo, taabu ilipokwisha kupita, tisho moja la Yezebeli likamtosha. Akaingia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu amwondolee uhai. Moyo wake haukuvunjika katikati ya ukame, ulivunjika baadaye.

Ndivyo ilivyokuwa katika tauni ya Korona. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na duniani kote wengi walihofu kwamba watu wangejiua upesi na kwa wingi. Wataalamu wakakusanya hesabu za nchi 21, nyingi zikiwa nchi zenye uwezo, wakaona kwamba katika miezi ya kwanza vifo hivyo havikuongezeka. Mahali pengine vilipungua. Hatari inayowapata wote pamoja huwakaribisha watu. Jirani humjulia jirani hali, na mwenye shida haoni haya, maana wote wana shida.

Lakini angalia yaliyotokea Japani. Miezi mitano ya kwanza vifo vya kujiua vilipungua kwa asilimia 14. Kisha, kati ya Julai na Oktoba 2020, vikaongezeka kwa asilimia 16, na kwa wanawake asilimia 37. Nalo Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa tauni hiyo, huzuni nzito na wasiwasi viliongezeka kwa asilimia 25 duniani.

Kwa nini hatari huchelewa? Kwa sababu ugonjwa huondoka, lakini deni hubaki. Amri ya kutotoka usiku ilianza Machi 2020, ikaondolewa Oktoba 2021. Mama aliyekuwa akiuza omena sokoni alikula mtaji wake, na siku soko lilipochangamka tena, hakuwa na cha kuanzia. Watoto wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021, na wengine hawakurudi shuleni. Kuna wakati mazishi yaliruhusiwa watu 15 tu. Sisi tuliozoea matanga ya siku nyingi tuliwazika wazee wetu upesi upesi, na kilio kisicholiwa hakiishi, hukaa ndani. Sisi wa kandokando ya ziwa tuliyaona hayo zamani, katika miaka ya UKIMWI: mazishi yalikwisha, watu wakatawanyika, nyanya akabaki na yatima. Usiku wake mgumu haukuwa usiku wa mazishi. Ulikuwa ule wa miezi mingi baadaye, wakati hakuna aliyebisha hodi.

Mungu alimfanyia nini Eliya? Hakumkemea kwamba amekosa imani. Alimwacha alale. Alimtuma malaika amguse, ampe mkate na maji, mara mbili, akikiri kwamba safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Baadaye akampa kazi, na mwenzake, Elisha.

Basi nasi tufanye vivyo hivyo. Mtembelee mfiwa wakati wengine wamekwisha kumsahau. Ukimsikia mtu akisema kwamba ni afadhali asingekuwapo, muulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo moyoni, humpunguzia mzigo. Usimwache peke yake, na umpeleke hospitali. Huzuni hiyo ni ugonjwa, nayo ina tiba. Kuomba pamoja naye ni vyema. Kuomba badala ya kumpeleka kwa daktari si vyema.

Wala asifichwe kwa hofu ya aibu au ya polisi. Kitabu chetu cha Sala cha mwaka 1662 kilikataza ibada ya mazishi kwa mtu aliyejiua. Sheria ya Kenya nayo ilimhukumu aliyejaribu kujiua kifungo cha hadi miaka miwili, mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Ikiwa mahakama imeona kwamba aliyevunjika moyo anahitaji msaada na si pingu, je, Kanisa litakuwa na moyo mgumu kuliko mahakama?

Ndugu yangu, dada yangu, wiki hii ikumbuke nyumba moja iliyofiwa au iliyofilisika katika miaka ile. Nenda, hata kama umechelewa. Na kama wewe ndiwe unayeketi chini ya mretemu, mwambie mtu mmoja leo, kabla ya usiku kuingia.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemgusa Eliya alipokuwa amelala, uwaguse waliochoka. Utupe miguu ya kuwaendea na masikio ya kuwasikiliza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.