Kilomita 85 za Kavumu na Goma

Ukiweka rula juu ya ramani ya mashariki mwa Kongo, kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu, unaohudumia Bukavu, hadi ule wa Goma ni kilomita 85 hivi, mstari ukikatisha Ziwa Kivu karibu na kisiwa cha Idjwi. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa ingezimaliza kwa dakika 17. Lakini anayepanga siku yake kwa hesabu hiyo atachelewa, kwani hakuna ndege inayoshika mwendo huo safari nzima.

Safari fupi huliwa na mambo yasiyotegemea umbali: kusogea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kupanda, kushuka, kuzunguka ili kutua kwa kuukabili upepo. Tazama Unguja na Pemba. Kati ya viwanja vya visiwa hivyo kuna kilomita 125 hivi, 40 zaidi ya zetu, na bado ndege ileile huongeza dakika 8 tu angani.

Kwetu kuna jambo jingine zito: mwinuko. Kavumu iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Zanzibar kwa takriban asilimia 15. Jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Mabawa hubebwa na hewa, kwa hiyo ndege hulazimika kukimbia kwa kasi kubwa zaidi juu ya lami kabla ya kunyanyuka, huku injini nayo ikipungukiwa nguvu. Ndiyo maana rubani huweza kupunguza mizigo au kupenda kuondoka asubuhi. Abiria ambaye sanduku lake limeachwa anastahili kuelezwa hivyo, waziwazi na kwa heshima. Na njia yenyewe huweza kupungua: huko Goma, lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya ndege Januari 2002, ikaifupisha.

Safari ya Kinshasa ina utata wa saa. Ni kilomita 1,500 hivi, zaidi kidogo ya saa mbili kwa ndege ya jeti. Ukiondoka Kavumu saa 4:00 asubuhi, utatua kama saa 5:15, kwa kuwa saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ukirudi, saa hiyo unailipa.

Na hesabu haianzii uwanjani. Bukavu hadi Kavumu ni kilomita 30 hivi za barabara, na kwa safari ya Goma mwendo huo wa gari peke yake huweza kuuzidi muda wa kuruka. Mwaka 2025 waasi wa M23 walipouteka uwanja wa Goma mwezi Januari, kisha Kavumu mwezi Februari, ndege za abiria zilikoma. Waliotaka kwenda Kinshasa ilibidi wavuke mpaka wa Rwanda kwanza, na safari ya saa mbili ikageuka kuwa ya siku nzima au zaidi.

Unapokata tiketi, basi, uliza saa ya kutoka nyumbani na saa ya kufika unakokwenda. Kilomita waachie marubani.