Kwa Nini Anaacha Dawa?

Mwaka 1974 mhadhiri kijana wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliingia duka la dawa na cheti cha daktari mkononi. Alikuwa ameandikiwa lithiamu kwa mara ya kwanza. Alipotoka, pamoja na vidonge vyake alibeba vifaa vya huduma ya kwanza kwa walioumwa na nyoka, seti kumi na mbili. Hakuwa ameumwa na nyoka. Aliamini tu, bila chembe ya shaka, kwamba nyoka wamezagaa katika bonde la San Fernando na kwamba yeye ndiye aliyechaguliwa kuwatahadharisha watu.

Mhadhiri huyo ni Kay Redfield Jamison, na kazi yake ilikuwa saikolojia, ndani ya idara ya tiba ya akili. Magonjwa ya aina hii aliyasoma na kuyafundisha. Miongo miwili baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1995, An Unquiet Mind, alieleza bipola inavyokuwa kwa anayeishi nayo: wiki ambazo usingizi hauna haja, mawazo yanakimbizana, kila jambo linaonekana kuungana na jingine, na pesa zinatumika kama maji. Kisha giza. Madeni ya ununuzi ule yalimwangukia kaka yake, mchumi wa Benki ya Dunia, aliyesafiri hadi kwake, akaketi naye mbele ya rundo la risiti na ankara, na akachukua mkopo ili kuyalipa.

Lithiamu ilimtuliza. Haikupita muda mrefu, akaiacha. Akarudia tena kuiacha, na uamuzi huo ulikaribia kumtoa uhai.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo halikosekani kwenye mabenchi ya kliniki za magonjwa ya akili, iwe Mirembe pale Dodoma au Mathari jijini Nairobi. Mama amekuja na kijana wake mara ya tatu au ya nne. "Alikuwa amepona kabisa, daktari. Sasa kwa nini anaacha dawa?" Ndani ya swali hilo mna uchovu, mna nauli za kukopa, na mara nyingi mna lawama: ni ukaidi, ni bangi, ni kampani mbaya. Maelezo ya waliopitia hali hiyo wakaiandika wenyewe yanaonyesha mambo mengine kabisa.

La kwanza ni kwamba dawa yenyewe ina gharama mwilini. Jamison alitapika, mikono ikamtetemeka, na kubwa zaidi, akashindwa kusoma. Kwa zaidi ya miaka kumi hakumaliza kitabu kizito hata kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Alirudia mistari ileile, akaandika maelezo pembeni, maana yakamponyoka. Kwa profesa, hilo ni sawa na fundi kunyang'anywa mikono. Akageukia kudarizi, akatengeneza mito ya kochi isiyo na idadi.

Kwetu dawa zinazotumika sana bado ni zile za zamani. Haloperidol, au sindano ya fluphenazine inayochomwa kila mwezi, humnyamazishia mtu sauti anazozisikia, lakini zinaweza kumkakamaza shingo, kumtoa udenda, au kumtia msukosuko wa miguu usiomruhusu kukaa. Dawa nyingine mpya zaidi humnenepesha mtu ndani ya muda mfupi. Kijana wa miaka 22 anayetembea mtaani kwa hatua za mzee anajua kwamba wenzake wanamtazama. Anajua pia kwamba siku ambazo hakumeza, miguu ilikuwa miepesi. Ugonjwa haurudi siku hiyohiyo. Unaweza kungoja wiki, hata miezi, na katikati hapo kila asubuhi inamthibitishia kwamba alikuwa sahihi.

La pili ni gumu zaidi kwa jamaa kulielewa: kiungo kinachopaswa kumwambia mtu kwamba anaumwa ndicho kinachoumwa.

Elyn Saks aliliishi hilo. Alikuwa mwanafunzi bora, akasoma Oxford, kisha akaingia shule ya sheria ya Yale. Wiki za mwanzo tu za masomo, Ijumaa usiku, alikuwa maktaba na wenzake wawili wakifanya zoezi la darasani. Maneno yake yakaanza kupotea njia, wenzake wakatazamana. Akapanda juu ya paa, akaimba. Kesho yake alifikishwa hospitali akiwa na msumari mrefu aliouokota kule juu. Waliupokonya, wakamfunga kwenye kitanda cha chuma kwa mikanda ya ngozi. Alitambuliwa kuwa na skizofrenia, na matarajio aliyopewa yalikuwa ya maisha ya kutunzwa, labda na kibarua chepesi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mtu 1 kati ya 300 duniani ana ugonjwa huo. Watu wengi huwaza kuhusu sauti, lakini Saks amesimulia zaidi juu ya imani: kwamba ameua mamia ya maelfu ya watu kwa mawazo yake. Haikumjia kama wazo la ajabu la kupuuzwa. Ilimjia kama jambo la hakika, na hofu yake ikawa hofu ya muuaji. Kumwambia mtu wa hivyo "jikaze" au "acha mawazo" ni kumwomba aisaliti hakika yake mwenyewe.

Saks naye alipunguza dawa, mara nyingi. Kwake kila kidonge kilikuwa hati ya kukiri kwamba ana kasoro, kwa hiyo kadiri alivyomeza kidogo ndivyo alivyojiona mzima. Aibu hii inalishwa na wanaomzunguka mgonjwa. Jamison naye aliambiwa na dada yake wa damu kwamba roho yake itanyauka akitumia dawa. Na Saks, aliyekuja kuugua pia saratani ya matiti, aliona tofauti: kwa saratani maua yalifika tele, ilhali akili ilipomtoka maua hayakuwepo. Kwetu si maua. Ni chupa ya uji na machungwa kwenye mfuko, vinavyofika wodi ya mifupa jioni baada ya jioni, lakini wodi ya akili anafika mama peke yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Saks akiwa tayari profesa wa sheria Los Angeles, alianzishiwa olanzapine, mojawapo ya zile dawa mpya zaidi. Kichwa kikatulia kuliko alivyowahi kukijua. Hadi hapo alikuwa akiamini kwamba watu wote wana fujo ileile vichwani, ila wenzake ni hodari wa kuificha. Dawa ndiyo iliyomwonyesha kwamba sivyo, na kwamba kweli ana ugonjwa. Ilikuwa imemchukua takriban miaka ishirini.

Jamison naye alipunguziwa dozi, na kusoma kukamrudia. Mgonjwa aliye kwenye foleni ya Mathari au Mirembe anaweza kuuliza yaleyale: je, dozi yaweza kushuka? Kuna dawa nyingine? Naweza kumeza usiku ili nisisinzie kazini? Mara nyingi anapoitwa chumbani ameshachoka, daktari ana wengine kumi nje, na mazungumzo yanaishia kwenye "unaendeleaje" na "vizuri". Ndugu aliyemsindikiza, ambaye kwa mwezi mzima ameiona ile mikono ikimwaga chai, anaweza kulisema hilo kabla cheti hakijaandikwa.